Kuhesabu mizani ni nusu ya kazi: tuchambue umbo la shairi kwa sikio

Bin Shauri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mitihani ikikaribia, jukwaa hili hujaa ombi moja: "Naombeni mnisaidie kuchambua umbo la shairi hili." Majibu nayo hufanana. Beti tano, mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita, vina vya kati -ni, vya mwisho -ka, kwa hiyo ni tarbia, ahsanteni. Hapo mtu kapima kitambaa, hajashona. Swali lenyewe halijaguswa: umbo hilo linafanya nini ndani ya shairi? Mtunzi kafungwa nalo, au kalitumia?

Badala ya kulalamika tu, nachukua utungo ambao wengi wetu tumeusoma: Utendi wa Mwana Kupona. Bi Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake Mwana Hashima. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, yule aliyesumbuana na Sayyid Said wa Unguja. Utendi una beti 102. Natazama tatu za mwanzo tu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

(Ni Kiamu, lahaja ya Lamu: "negema" ni nisogelee, "upulike" ni usikilize, "lema" ni jema, "ndoo mbee" ni njoo mbele. Tahajia hutofautiana kidogo kati ya chapa na chapa.)

Mizani kwanza. Kila kipande kina nane. Ma-ra-dhi-ya-me-ni-shi-ka, nane. Si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka, nane, ile "m" ya "kutamka" ikihesabiwa peke yake. Ne-no-le-ma-ku-kwa-mbi-a, nane, na hapa "m" ya "kukwambia" haihesabiwi kabisa. Kipande cha kwanza kabisa ndicho huwatoa watu jasho: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-nti. Saba? Ukilitamka "binti" kwa haraka, ni saba. Ukiimba, ile "n" inajisimamia: bi-n-ti. Nane.

Vina: vipande vitatu vya mwanzo vinafanana (-ti -ti -ti, kisha -ka -ka -ka), cha nne kinatoka na -a ambayo itarudi kila ubeti mpaka utendi uishe. Hicho cha nne ndicho wazee huita bahari ya utendi. Kila mtu huandika hivyo na kuondoka. Mimi nabaki hapo kidogo.

Tazama bahari imewekwa kwenye nini: zingatia, kukwambia, kukwambia. Ni vitenzi. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendea usioisha: ambia, pigia, lilia, tumia. Anayechagua bahari ya -ia amejipa hazina ya maneno ya kumtosha beti mia na zaidi bila kulazimisha. Na kwa kuwa vina umbo la kutendea, beti hizi zinaishia kwenye jambo linaloelekezwa kwa mtu. Wasia mzima unaelekea kwa binti, na sauti ya mwisho ya beti inaelekea huko huko. Sisemi bibi yetu alikaa akapiga hesabu ya sarufi. Nasema alichagua bahari inayofaa kuusia.

Sasa linganisha na -ti ya ubeti wa kwanza: binti, sanati, wasiati. Yote yana asili ya Kiarabu. Maneno ya Kibantu yanayoishia -ti si mengi, kwa hiyo mtunzi akikamata kina hicho, kina chenyewe kinamvuta kwenye msamiati wa chuoni. Ubeti wa pili ukipokea -ka, lugha inateremka nyumbani: yamenishika, mwaka, kutamka. Ukiuliza kwa nini ubeti wa kwanza una uzito wa kirasmi na wa pili ni wa mgonjwa anayeongea kitandani, sehemu ya jibu iko kwenye vina.

Ubeti wa tatu una kitu ambacho mwanafunzi angekiita kosa: ujilisi, karatasi, hadithi. Si, si, thi. Kwa jicho kina kimevunjika. Ila wengi hulitamka "hadithi" kama "hadisi", na ukilisoma hivyo kina kimekaa sawasawa. Shairi halikutungwa lisomwe kimya.

La mwisho kwa leo. "Kukwambia" limerudiwa mwishoni mwa beti mbili zinazofuatana. Arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, haipendi kina cha neno lile lile. Wakali watasema mtunzi kaishiwa. Someni tena. Ubeti wa pili: mwaka mzima sikupata kutamka neno jema kukwambia. Ubeti wa tatu: kaa na wino na karatasi, nimependa kukwambia. Neno lile lile, kwanza limeshindikana, kisha limewezekana. Kati yake kuna wino. Huo ndio uchambuzi wa umbo ninaoutaka humu.

Karibuni, na mnaopinga pia mje.

Ticha wa Nyanda

Mkuu umenifurahisha, lakini hapo kwenye "n" umenipoteza, na kesho niko darasani. Kwa nini "n" ya "binti" ihesabiwe na ile ya "ukazingatia" isihesabiwe? Wanafunzi wangu watasema tunahesabu tunavyotaka ili ifike nane.

Bin Shauri

Mwalimu, swali la haki. Ngoja nilitandaze.

Mizani ni silabi inayosikika, haina uhusiano na idadi ya herufi. "M" na "n" zina tabia mbili. Kuna ile iliyoshikamana na konsonanti inayofuata ikawa pumzi moja: mbe-gu, nde-ge, nyu-mba, ku-zi-nga-ti-a. Hiyo haihesabiwi. Na kuna "m" iliyobaki baada ya "mu" kupoteza irabu yake: m-tu, m-ku-li-ma, a-m-ke-she. Hiyo ni silabi kamili.

Jaribu darasani na "mbuni". Mbuni yule ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, mizani mbili. Mbuni mti wa kahawa ni m-bu-ni, mizani tatu. Herufi ni zile zile. Au waambie waseme "nyumba mbaya" halafu "mtu mbaya". Kwa nyumba ni mba-ya, kwa mtu ni m-ba-ya. Wakishasikia tofauti hiyo, hawatahesabu tena kwa kidole kwenye karatasi.

Kuna maneno mafupi yanayotega: mbu, nge, nchi, nne, nta. Hapa mkazo wa sauti unaangukia kwenye hiyo "m" au "n", kwa hiyo yana mizani mbili kila moja. Nchi ni n-chi.

Halafu maneno ya kuazima yenye konsonanti zilizogongana: binti, elfu, labda, daftari, maktaba. Desturi ya washairi ni kuipa ile konsonanti ya katikati pigo lake: la-b-da, da-f-ta-ri. Ndiyo maana "binti" ikapata tatu. "Zingatia" haimo humo, maana "ng" yake imeshikana: zi-nga-ti-a.

Irabu zikifuatana, kila moja na mizani yake. Saa ni sa-a. Taa ni ta-a. Njaa ni nja-a.

Mwanamvita

Shukrani kwa uzi, ndugu. Swali la haraka kutoka huku Mombasa: utenzi tunafundishwa una mishororo minne ya kipande kimoja kimoja. Nimewahi kuona picha ya mswada wa zamani, ubeti wote umelazwa kwenye mstari mmoja. Tushike lipi?

Bin Shauri

Dada, kwa mtihani shika la kitabu chako. Kwa ukweli wa historia, kwenye khati ya Kiarabu ilikuwa kawaida ubeti mzima wa utendi kukaa msitari mmoja, vipande vinne ubavu kwa ubavu, au misitari miwili. Chapa za herufi za Kilatini ndizo zilizoteremsha kila kipande chini ya mwenzake.

Na jambo hili lina faida kwa uchambuzi. Khati hiyo huandikwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kipande cha nne kinaangukia ukingoni kushoto, msitari baada ya msitari. Ukiutazama ukurasa unaona safu ya herufi zile zile zikishuka chini: ya, ya, ya. Bahari inaonekana kabla hujasoma neno. Kwenye kitabu cha leo safu hiyo imevunjika, -ia inajitokeza kila baada ya misitari mitatu, na mwanafunzi anaona kama mshororo wa nne umekosea njia.

Mwanamvita

Basi hapo neno "bahari" lenyewe ndilo linatuchanganya, kwa sababu huku bahari ni aina ya shairi.

Bin Shauri

Yote mawili yanatumika. Sema umetumia kwa maana ipi, uendelee.

Kinda la Korongo

Wakuu mimi ni mgeni kwenye utunzi, naomba msinicheke. Huu ubeti nimeutunga mwenyewe, nimehesabu mizani kumi na sita kila mshororo. Nikosoeni:

Mbegu tumekwisha zika, wingu halijadondosha,
Ardhi inapasuka, vumbi nalo latuchosha,
Mkulima asikitika, njaa nayo yamkesha,
Masika yamechelewa, na ghala limekwisha.

Ticha wa Nyanda

Mshororo wa tatu una tatizo, hata mimi sasa nalisikia. 😀

Bin Shauri

Kinda, hakuna wa kukucheka. Ubeti una jambo la kusema, na huo ndio mtaji.

Twende mshororo kwa mshororo. Wa kwanza ni salama: mbe-gu-tu-me-kwi-sha-zi-ka, nane, wi-ngu-ha-li-ja-do-ndo-sha, nane. Tena umeupatia mahali pazuri. Ukwapi (nusu ya kwanza) unazika chini, utao (nusu ya pili) unatazama juu, na pumziko lako la kati limekaa hasa kati ya ardhi na mbingu. Sijui kama ulikusudia. Hata kama hukukusudia, usiuguse.

Wa pili: "ardhi" umeipa mizani tatu, a-r-dhi, na inakubalika kwa desturi niliyomweleza mwalimu hapo juu. Mtu akikubishia, andika "aridhi" uishi kwa amani.

Wa tatu ndiyo guni, yaani una kasoro ya mizani. M-ku-li-ma-a-si-ki-ti-ka, tisa. Nadhani ulihesabu "mku" kama pumzi moja. Waweza kusema "Mkulima kasumbuka": m-ku-li-ma-ka-su-mbu-ka, nane. Ile "ka" badala ya "ame" ni inkisari (kufupisha neno) ya kawaida kabisa, na tunaitumia hata mitaani.

Wa nne, utao umepungua: na-gha-la-li-me-kwi-sha, saba. Ukiweka "hata ghala limekwisha" umepata nane. Ongezeko hilo si la kujazia tu: "hata" inaongeza maana, kwamba mvua haijaja na akiba nayo imekata.

Sasa ninalotaka kukusema kwa ukali zaidi ya mizani. "Vumbi nalo", "njaa nayo". Hivyo ni viraka. Ulikuwa na "vumbi latuchosha", mizani sita, ukatafuta mbili za kujazia. Kila mtunzi anafanya, lakini mara mbili ndani ya misitari miwili inayofuatana, tena mahali pale pale, msikilizaji anakukamata. Kimoja kiondoke. "Njaa usiku yamkesha" ni tisa, haifai. "Kwa njaa aliyokesha" ni nane, nja-a ikiwa mbili, ila imeuharibu ule uhai wa njaa inayomkesha mtu. Mimi ningeacha "njaa nayo yamkesha", kwa sababu pale "nayo" ina kazi: kasumbuliwa na jua mchana, njaa nayo ikapokea zamu ya usiku. Vumbi ndilo nililolitilia shaka. Kwa mfano "macho vumbi latuchosha": ma-cho-vu-mbi-la-tu-cho-sha. Nane, na sasa tunajua linatuchosha wapi.

Mzee wa Kalamu Kavu

Hizi hesabu zenu ndizo zilizoua ushairi wa Kiswahili. Kijana kaleta njaa ya mkulima, ninyi mnamhesabia silabi. Euphrase Kezilahabi alishatutoa huko tangu Kichomi, diwani yake ya mashairi huru ya 1974. Na hiyo arudhi mnayoiabudu ni ya Waarabu.

Bin Shauri

Mzee wangu shikamoo. Nitajibu yote mawili.

La Waarabu: majina mengi ya fani tumeazima, kweli. Lakini elimu ya arudhi aliyoiweka Al-Khalil bin Ahmad, mzaliwa wa Oman aliyefundisha Basra karne ya 8, inapima silabi ndefu na fupi na mpangilio wake. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa namna hiyo, kwa hiyo hatupimi hivyo. Sisi tunahesabu silabi, zote sawa, mkazo ukiangukia ya pili kutoka mwisho. Ukimpa mtu wa Basra shairi la mizani kumi na sita la Muyaka bin Haji wa Mombasa, hatalikuta kwenye bahari zake, yaani mipangilio yake ya silabi. Chombo kina jina la kigeni, kinachopimwa ni sauti ya hapa.

La Kezilahabi: ule ulikuwa mgogoro wa kweli, na nafurahi umeutaja. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, akasisitiza kwamba shairi ni wimbo na lisiloimbika halina maana. Miaka ya sabini kina Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi wakaja na tungo zisizofuata vina na mizani, kwa hoja kwamba lugha ya mazungumzo ya kawaida inabeba ushairi pia. Walirushiana maneno kweli kweli. Mimi nazisoma pande zote mbili bila kuumwa.

Ila usiniambie shairi huru halina umbo la kuchambua. Chukua huo huo ubeti wa Kinda, tuuvue vina:

Mbegu tumezika.
Wingu
bado.

"Bado" limewekwa peke yake. Pumzi inakatika kabla yake na baada yake, msomaji anangoja kama mkulima anavyongoja. Hapo sihesabu mizani wala vina, lakini bado nachambua umbo: msitari umekatwa wapi, na kwa nini. Mwanafunzi anayeandika "shairi hili ni huru kwa sababu halina vina wala mizani" kisha akaweka nukta, naye hajaanza kazi.

Mzee wa Kalamu Kavu

Marahaba. Hapo kwenye "bado" umenigusa. Lakini bado nasema "macho vumbi latuchosha" si Kiswahili cha mtu yeyote. Nani anasema hivyo? "Vumbi latuchosha macho" ndiyo kauli. Umepinda sentensi kwa ajili ya kina chako.

Ticha wa Nyanda

Si ndiyo kuboronga sarufi tunakofundisha? Ni uhuru wa mshairi.

Bin Shauri

Ni uhuru, mwalimu, ila Mzee ana hoja. Wanafunzi wetu huorodhesha inkisari, mazida (kurefusha neno), tabdila (kubadili sauti ya neno) na kuboronga sarufi kana kwamba kila kimoja ni pambo la kusifiwa. Uhuru una bei. Ukipinda sentensi, msikilizaji anapoteza nukta ya sekunde kuinyoosha kichwani. Swali ni kama alichokipata kinalipa. "Neno lema kukwambia" nayo haiko kwenye mpangilio wa maongezi; "kukwambia neno jema" ndivyo tungesema. Lakini pale neno jema linatangulia, na "kukwambia" linabaki mwisho kungojea jibu lake ubeti wa tatu. Imelipa. Mstari wangu wa macho na vumbi umelipa kidogo tu, nakubali. Kinda achague mwenyewe.

Msafiri Kimya

Napita tu nikisoma. Huu uzi uwekwe juu.

Kinda la Korongo

Nashukuruni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nimeuandika upya:

Mbegu tumekwisha zika, wingu halijadondosha,
Aridhi inapasuka, kwa vumbi inatuchosha,
Mkulima kasumbuka, njaa nayo yamkesha,
Masika yamechelewa, hata ghala limekwisha.

Swali moja: mshororo wa mwisho kina cha kati ni -wa, wakati vingine ni -ka. Hiyo ni kosa? Na nikiufanya kibwagizo, nifuate -ka au -wa kwenye beti zinazofuata?

Bin Shauri

"Kwa vumbi inatuchosha" imetulia, na kiraka kimoja kimeondoka bila kupinda kitu. Safi.

Kibwagizo kina ruhusa ya kuwa na kina chake cha kati, na wengi hufanya hivyo. Ukishakifanya kibwagizo, kirudi kama kilivyo kila ubeti, -wa yake haibadiliki. Vina vya kati vya mishororo mitatu ya juu ndivyo waweza kubadilisha: ubeti wa pili ukaja na -ni, wa tatu na -mba, ilimradi ile -sha ya mwisho ibaki kote. Hapo shairi lako litakuwa ukara. Ukibadilisha na -sha pia ni ukaraguni, lakini sikushauri, kwa sababu kibwagizo chako kinaishia -sha na kitasikika kama kimetoka shairi la mtu mwingine.

Jambo la kuangalia ni maana. "Hata ghala limekwisha" katika ubeti wa kwanza ni taarifa. Ukikirudia mara tano na beti zote zinasema ukame ule ule, msikilizaji atakiruka. Beti zisogee: wa pili labda waende kukopa, wa tatu wingu lishuke kwa jirani. Maneno ya kibwagizo hayatabadilika ila kila safari yatauma mahali pengine.

Lete ubeti wa pili, tuko hapa.

Mzee wa Kalamu Kavu

Alete. Na akija na "nalo" nyingine namwita mwenyewe.